Kuingia kwenye Linux Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kufika kwenye Eneokazi Baada ya Kusakinisha

Usakinishaji umekwisha, kompyuta imezima na kuwaka tena, na mbele yako kuna skrini ambayo hukuitarajia. Huenda ni maandishi meupe juu ya weusi yanayoishia na neno «login:», huenda ni kisanduku cha nenosiri kinachokataa kila unachoandika, au huenda ni giza tupu. Wengi wakifika hapa huchomeka tena flashi na kuanza kusakinisha upya, wakapoteza saa nzima, kisha wakakutana na skrini ile ile. Katika hali nyingi nilizoziona, mfumo ulikuwa umesakinishwa vizuri kabisa. Kilichokosekana ni mwenye kompyuta kujua amesimama katika hatua ipi.

Kati ya kubonyeza kitufe cha kuwasha na kuliona eneokazi (desktop, ile skrini yenye madirisha na alama za programu) kuna hatua zinazopokezana. Kwanza huamka UEFI, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya bodi kuu ya kompyuta, ambayo huchagua diski ya kuanzia. Diski hiyo huita GRUB, menyu inayoonyesha mifumo iliyopo. GRUB hupakia kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa vya kompyuta, kerneli humkabidhi kazi systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, naye systemd huwasha huduma moja baada ya nyingine hadi kufikia programu ya kuingilia, ile inayokuonyesha jina lako na kukuomba nenosiri. Ukishakubaliwa, programu hiyo hufungua kikao chako, na hapo ndipo eneokazi linapotokea. Kila hatua ina dalili zake za kukwama, na tiba ya hatua moja haifai kitu katika hatua nyingine. Kwa hiyo kila mara skrini inapokushangaza, jiulize kwanza ni hatua gani ya mwisho uliyoiona ikifanikiwa.

Je, umeingia kwenye mfumo uliosakinisha, au bado uko kwenye flashi?

Swali hili linaonekana dogo, lakini linapaswa kutangulia. Baada ya usakinishaji, kisakinishi hukuomba uondoe flashi kisha ubonyeze Enter. Usipoiondoa, kompyuta inaweza kuanza tena kutoka kwenye flashi hiyo na kukufungulia mfumo wa majaribio, ambao unafanana sana na ule uliosakinisha. Dalili yake ni alama ya kusakinisha iliyobaki kwenye eneokazi, pamoja na faili zako kutoweka kila unapowasha upya. Zima kompyuta, chomoa flashi, kisha iwashe tena.

Jambo hili linahusiana na swali linaloulizwa mara nyingi: nenosiri la kuanzia la Linux ni lipi? Kwa mfumo uliousakinisha wewe mwenyewe kwenye diski, hakuna nenosiri la kuanzia. Jina na nenosiri ni vile ulivyoviandika wakati wa kusakinisha, na hakuna orodha yoyote mtandaoni inayoweza kuvijua. Manenosiri yanayotajwa mtandaoni ni ya mifumo ya majaribio au ya nakala za mfumo (images) zilizoandaliwa tayari: kwa mfano, Kali inayoendeshwa kutoka kwenye flashi hutumia «kali» kwa jina na «kali» kwa nenosiri tangu toleo la 2020.1, ilhali Raspberry Pi OS iliyokuwa na mtumiaji «pi» mwenye nenosiri «raspberry» iliachana na utaratibu huo mwezi wa Aprili 2022, na sasa humtaka kila mtu atengeneze mtumiaji wake mwenyewe. Fedora Workstation nayo ina desturi tofauti: mtumiaji hutengenezwa baada ya kuwasha kompyuta mara ya kwanza, kwa hiyo ukiulizwa jina na nenosiri jipya badala ya kuombwa nenosiri la zamani, usidhani kuna kosa.

Skrini ya bluu kabla ya kila kitu

Ikiwa kompyuta yako inatumia Secure Boot, yaani ulinzi wa UEFI unaokataa programu zisizoidhinishwa wakati wa kuwaka, na ulikubali kusakinisha draiva za ziada (programu zinazoendesha vifaa kama kadi ya picha), kisakinishi cha Ubuntu kitakuwa kimekutaka uandike nenosiri la muda. Watu hulisahau kwa sababu hawakuambiwa vizuri litatumika wapi. Linatumika hapa: mara tu baada ya kuwasha upya hutokea skrini ya bluu yenye maneno «Perform MOK management», nayo hukusubiri kwa sekunde chache tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua «Enroll MOK», kisha «Continue», kisha «Yes», andika nenosiri lile la muda, halafu uwashe upya. Skrini ikikupita, mfumo utaendelea kuwaka, ila draiva ambazo hazijaidhinishwa hazitapakiwa, na kadi ya Nvidia au Wi-Fi inaweza kuonekana kama imekufa. Wengi hulaumu kadi, kumbe ni hatua hii iliyorukwa.

GRUB, na kompyuta inayokimbilia Windows

Pale ambapo kuna mfumo mmoja tu, Ubuntu huificha menyu ya GRUB na kuendelea moja kwa moja. Ukiihitaji, shikilia Shift kwenye kompyuta za zamani zenye BIOS (mtangulizi wa UEFI), au bonyeza Esc mara moja kwenye zile za UEFI, mara tu nembo ya mtengenezaji inapotoweka. Usibonyeze Esc mfululizo, kwani utatupwa kwenye mstari wa amri wa GRUB wenye alama «grub>». Ikitokea hivyo, andika neno normal, bonyeza Enter, kisha Esc mara moja tena.

Ikiwa Windows inawaka bila kuuliza chochote, Linux haijafutika. UEFI ndiyo inayoipa Windows nafasi ya kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI kwa kubonyeza F2, Del, Esc au F12 kulingana na mtengenezaji, tafuta mpangilio wa diski za kuanzia, kisha uipandishe juu ile yenye jina la distro yako, yaani aina ya Linux uliyosakinisha, kama Ubuntu au Fedora. Jina hilo lisipokuwepo, sababu ya kawaida ni kwamba flashi ilianzishwa kwa mtindo wa zamani wa BIOS ilhali Windows imesakinishwa kwa UEFI. Hapo, na hapo tu, kusakinisha upya kwa mtindo unaolingana ndiyo njia fupi.

Nenosiri la diski si nenosiri la kuingia

Ukichagua kusimba diski (encryption, yaani kuyafunga yaliyomo yasisomeke bila nenosiri) wakati wa kusakinisha, utaulizwa nenosiri mara mbili, na hizo ni kufuli mbili tofauti. La kwanza huja mapema, kabla ya programu ya kuingilia, nalo hufungua diski yenyewe. La pili ni la mtumiaji. Hakuna kinachokulazimisha yafanane, lakini kuna jambo moja lazima ulijue: nenosiri la mtumiaji linaweza kubadilishwa na yeyote mwenye mamlaka juu ya mfumo, ila nenosiri la diski likisahaulika na huna nakala ya ufunguo wa akiba, yaliyomo hayarudi. Liandike mahali salama leo, kabla hujaanza kuweka faili zako humo.

Kwenye skrini ya kuingilia

Programu ya kuingilia hutofautiana kwa distro. Ubuntu, Debian yenye GNOME na Fedora Workstation hutumia GDM; zenye KDE Plasma kwa kawaida hutumia SDDM; Linux Mint na Xubuntu hutumia LightDM. Zote zinafanya kazi moja, na tofauti kubwa iko kwenye mahali zinapoficha uchaguzi wa kikao.

Kikao ni mazingira ya eneokazi utakayoingia: GNOME, Plasma, Xfce, Cinnamon na mengineyo. Kwenye GDM, bofya jina lako kwanza, kisha angalia pembe ya chini kulia kwa alama ya gurudumu lenye meno. Alama hiyo haionekani kabla ya kuchagua jina, na huenda isionekane kabisa ikiwa kuna kikao kimoja tu. Kwenye SDDM, uchaguzi huwa sehemu ya chini kushoto. Humo ndimo utakapokutana na maneno Wayland na X11, au Xorg. Hizi ni njia mbili za kuchora madirisha kwenye skrini: X11 ilianza mwaka 1987, na Wayland ndiyo mpya inayochukua nafasi yake. Fedora ilifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza tangu toleo la 25 la mwaka 2016, na Ubuntu 25.10 imeondoa kabisa kikao cha GNOME cha X11. Kama zote mbili zipo kwenye kompyuta yako na moja inakutoa nje, jaribu nyingine kabla ya kufanya lolote lingine. Ni jaribio la sekunde kumi, na limeokoa watu wengi.

Sasa nenosiri. Likikataliwa, shaka yako ya kwanza iwe kibodi, si kumbukumbu yako. Angalia Caps Lock. Angalia Num Lock, hasa kwenye kompyuta mpakato, ambako tarakimu za pembeni zinaweza kuwa zimezimwa. Kisha angalia mpangilio wa kibodi uliochaguliwa. Kwenye mpangilio wa Marekani, Shift na 2 hutoa alama ya @. Kwenye mpangilio wa Uingereza, vitufe hivyo hivyo hutoa alama ya kunukuu, na @ huhamia upande wa kulia karibu na Enter. Mtu aliyeandika nenosiri lenye @ wakati kisakinishi kikiwa kwenye mpangilio mmoja, kisha skrini ya kuingilia ikaja na mpangilio mwingine, ataandika kwa uaminifu kabisa nenosiri lisilo lake. Mimi mwenyewe niliwahi kutumia jioni nzima nikidhani nimesahau nenosiri, kumbe alama moja tu ndiyo iliyokuwa imehama. Tangu hapo, nenosiri la usakinishaji ninaliandika kwa herufi za kawaida na tarakimu peke yake, halafu ninalibadilisha kuwa gumu zaidi nikishafika kwenye eneokazi.

GDM ina alama ya jicho ndani ya kisanduku cha nenosiri. Ibofye uone unachoandika, ukihakikisha hakuna anayechungulia. Mpangilio wa kibodi hubadilishwa kwenye upau wa juu wa skrini hiyo hiyo. Ukilazimika kuandika jina la mtumiaji, kumbuka kwamba Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo: «Asha» na «asha» ni watu wawili. Jina kamili unaloliona kwenye skrini, lenye nafasi na herufi kubwa, silo jina la kuingilia; la kuingilia kwa kawaida ni neno moja la herufi ndogo ulilolichagua chini yake.

Kwenye Arch na distro nyingine zinazotumia pam_faillock, kinga dhidi ya kubahatisha manenosiri, kukosea mara tatu hukufungia nje kwa dakika 10, na katika dakika hizo hata nenosiri sahihi hukataliwa. Subiri muda huo upite badala ya kuendelea kubahatisha.

Skrini nyeusi yenye neno «login:»

Hii ndiyo inayowatisha wengi, nayo kwa kweli ni habari njema. Inamaanisha kwamba kerneli imewaka, systemd imefanya kazi yake, na mfumo unakusubiri. Andika jina la mtumiaji, bonyeza Enter, kisha andika nenosiri. Skrini haitaonyesha chochote unapoandika, hata nyota. Si kwamba kibodi imeganda, ndivyo ilivyopangwa. Andika hadi mwisho na ubonyeze Enter. Ukiona mstari unaoishia na alama ya dola ($), umeingia.

Kinachobaki ni kujua kama eneokazi halipo kabisa, au lipo ila halikuwashwa. Amri mbili zinatosha kutofautisha:

ls /usr/share/xsessions /usr/share/wayland-sessions

systemctl status display-manager

Ya kwanza huorodhesha vikao vilivyosakinishwa. Ya pili huonyesha hali ya programu ya kuingilia, iwe GDM, SDDM au LightDM, kwa kuwa neno display-manager ni jina la pamoja linaloelekeza kwenye ile iliyochaguliwa. Ikiwa folda hizo hazipo au ni tupu, na ya pili inasema huduma haikupatikana, basi eneokazi halikusakinishwa. Ndivyo ilivyo kwa Ubuntu Server, kwa Arch iliyosakinishwa kwa mkono, na kwa Debian ambayo mtu aliondoa alama kwenye mazingira ya eneokazi alipofika kwenye orodha ya programu.

Ili kulisakinisha unahitaji intaneti. Kebo ya mtandao ndiyo njia isiyo na maswali mengi. Vinginevyo, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Hakikisha mtandao unafika:

ping -c 3 debian.org

Kisha, kwa Ubuntu (neno sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, nalo litakuomba nenosiri lako):

sudo apt update
sudo apt install ubuntu-desktop-minimal

Kwa Debian, chagua moja kati ya task-gnome-desktop, task-kde-desktop na task-xfce-desktop; kompyuta yenye kumbukumbu ndogo ipewe Xfce bila kusita:

sudo apt update
sudo apt install task-xfce-desktop

Kwa Arch, unasakinisha eneokazi kisha unawasha programu ya kuingilia wewe mwenyewe, kwa sababu Arch haiwashi huduma yoyote kwa niaba yako, na hapo ndipo wengi husahau:

sudo pacman -Syu gnome
sudo systemctl enable gdm

Anayetaka Plasma ataandika plasma-meta na sddm badala ya gnome, kisha atawasha sddm.

Kwenye Debian unaweza kugonga ukuta hapa: sudo inakuambia kwamba jina lako halimo kwenye faili ya sudoers. Sababu iko kwenye swali moja la kisakinishi. Ukiweka nenosiri la root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote juu ya mfumo, Debian huchukulia kwamba utasimamia mfumo kwa root, na haikupi sudo. Ukiliacha wazi, hufunga root na kumpa mtumiaji wa kwanza sudo. Aliyeweka nenosiri la root atafanya hivi, akibadilisha neno jina kwa jina lake la kuingilia:

su -
usermod -aG sudo jina
exit

Kile kistari baada ya su si pambo. Tangu Debian 10 ya mwaka 2019, su bila kistari haikuletei njia za amri za msimamizi, na usermod itaonekana kana kwamba haipo. Baada ya hapo toka kwenye kikao chako na uingie tena, kwani uanachama wa kikundi husomwa wakati wa kuingia tu. Kwenye Fedora na Arch kikundi cha wasimamizi huitwa wheel, na kwenye Arch ni lazima pia ukiruhusu kupitia amri ya visudo.

Ikiwa amri zile mbili za mwanzo zimeonyesha kwamba eneokazi lipo, uliza mfumo unalenga wapi unapowaka:

systemctl get-default

Jibu la multi-user.target linamaanisha kwamba mfumo umeamriwa kuishia kwenye maandishi. Ubadilishe, kisha uwashe upya:

sudo systemctl set-default graphical.target
sudo reboot

Jibu likiwa tayari graphical.target, basi programu ya kuingilia ilijaribu kuwaka ikaanguka. Soma sababu kwa amri ya journalctl -b -u display-manager. Kosa linalotaja skrini, draiva au nvidia linakupeleka kwenye sehemu inayofuata.

Giza tupu baada ya nembo

Subiri dakika mbili kwanza. Uwashaji wa mara ya kwanza una kazi nyingi, na diski za zamani za kuzunguka ni nzito. Kama umeunganisha skrini ya nje, angalia ile nyingine. Kisha bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukiona neno «login:», mfumo uko hai na tatizo ni la picha tu, kwa hiyo unaweza kuingia na kulitengeneza kutokea hapo. Kurudi upande wa picha ni Ctrl, Alt na F1 au F2 kwenye GDM. Kwenye Mint jaribu F7.

Ikiwa hata maandishi hayaji, sababu ya kawaida ni kadi ya picha, hasa Nvidia mpya ambayo draiva huria iliyomo ndani ya kerneli bado haiimudu. Fungua menyu ya GRUB, simama kwenye mstari wa kwanza, ubonyeze herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, ambao kwa Ubuntu unaishia na quiet splash, nenda mwisho wake, acha nafasi moja, uandike nomodeset. Bonyeza Ctrl na X, au F10. Neno hilo huizuia kerneli isibadilishe hali ya skrini yenyewe, na hivyo picha huja kwa njia ya msingi kabisa: nzito, pengine yenye mwonekano mdogo, lakini inaonekana.

Badiliko hilo linadumu kwa uwashaji huo mmoja tu, na ni vizuri liwe hivyo, kwani nomodeset ni mkongojo wa kukufikisha kwenye tiba. Usiliandike kwenye mipangilio ya kudumu kama baadhi wanavyoshauri, maana litazuia hata draiva nzuri isifanye kazi vizuri baadaye. Ukishafika ndani, kwa Ubuntu andika:

sudo ubuntu-drivers install

Kisha washa upya bila nomodeset. Kwa Debian, draiva iitwayo nvidia-driver iko kwenye sehemu ya non-free, ambayo lazima uiongeze kwenye orodha ya vyanzo vya vifurushi. Kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023, kisakinishi huja na faili za kuendeshea vifaa zisizo huria ndani yake, jambo lililopunguza sana matatizo ya Wi-Fi na ya kadi za AMD, lakini draiva kamili ya Nvidia bado huwekwa kwa mkono.

Nenosiri linakubaliwa, kisha unarudishwa mlangoni

Tofautisha hali hii na nenosiri kukataliwa. Hapa hakuna ujumbe wa kosa. Skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja, halafu unaona tena jina lako. Umetambuliwa, ila kikao chako kimeshindwa kufunguka. Badilisha kikao kwanza kama nilivyoeleza juu. Isiposaidia, nenda kwenye maandishi kwa Ctrl, Alt na F3, uingie, na uangalie mambo mawili.

df -h
ls -la ~

Amri ya kwanza huonyesha nafasi ya diski. Kama mstari wa / au /home umefikia asilimia 100, kikao hakiwezi kuandika faili zake ndogo za kuanzia, nacho hufa kimya kimya. Hili huwapata waliotenga sehemu ndogo mno ya diski. Kwa Debian na Ubuntu, sudo apt clean hufuta vifurushi vilivyopakuliwa na kukupa nafasi ya kupumua, ingawa tiba ya kweli ni kuipanua sehemu hiyo.

Amri ya pili huonyesha mmiliki wa faili zako. Ukiona root kwenye faili kama .Xauthority, .ICEauthority au kwenye folda ya .config, umempata mkosaji. Mara nyingi hutokea baada ya mtu kuandika sudo startx akijaribu kulazimisha eneokazi liwake: linawaka kweli, lakini kwa jina la root, na faili zinazoachwa nyuma huwa mali ya root ndani ya nyumba yako. Zirudishe:

sudo chown -R $USER: $HOME

Kisha washa upya. Kwa sababu hiyo hiyo, usiingie kamwe kwenye eneokazi kama root. Kila programu unayoifungua, kivinjari kikiwemo, ingekuwa na mamlaka juu ya mfumo mzima.

Nenosiri limesahaulika kweli

Umeshakagua kibodi na bado mlango haufunguki. Kwenye Ubuntu, Mint na Debian, fungua menyu ya GRUB, chagua «Advanced options», kisha mstari wenye maneno «recovery mode». Kwa Ubuntu na Mint itatokea orodha, chagua «root». Kwa Debian utaombwa nenosiri la root, na kama root ilifungwa, njia hii haitakufaa. Ukishapata mstari unaoishia na alama ya reli (#), andika:

mount -o remount,rw /
passwd jina
reboot

Amri ya kwanza huruhusu kuandika kwenye diski, maana katika hali hii hufunguliwa kwa kusoma tu. Usipokumbuka jina lako, andika ls /home na utaliona.

Pale ambapo njia hiyo imefungwa, bonyeza e kwenye GRUB, uende mwisho wa mstari wa linux na uongeze init=/bin/bash, kisha Ctrl na X. Andika amri mbili za kwanza zilizo hapo juu, halafu sync, kisha reboot -f. Kwenye Fedora, kabla ya kuwasha upya, ongeza touch /.autorelabel, la sivyo SELinux, mfumo wa ulinzi wa Fedora, itaikataa faili mpya ya manenosiri nawe utabaki nje ukiwa na nenosiri sahihi mkononi.

Ukiona ni rahisi kiasi hiki kubadilisha nenosiri, utaelewa kwa nini wenye kompyuta mpakato zinazosafiri huambiwa wasimbe diski. Nenosiri la mtumiaji huwazuia wanaokaa mbele ya skrini ya kuingilia. Aliye na kompyuta yenyewe na dakika tano huzuiwa na usimbaji peke yake.

Umefika: mambo ya mara ya kwanza

Eneokazi likifunguka, dirisha la makaribisho litakuuliza lugha, mtandao na akaunti za mtandaoni. Unaweza kuzipita akaunti bila hasara yoyote. Kitu cha kwanza kifanye kiwe sasisho, kwa kuwa nakala ya mfumo uliyosakinisha huenda ina miezi kadhaa:

sudo apt update && sudo apt upgrade

Fedora hutumia sudo dnf upgrade, na Arch sudo pacman -Syu. Washa upya baada ya hapo, uone kama njia nzima kutoka GRUB hadi eneokazi inapitika bila wewe kuingilia kati.

Kama ulibadilisha nenosiri kupitia recovery, utakutana na kufuli moja ya mwisho. Kwenye GNOME litajitokeza dirisha likisema kwamba hazina ya funguo haikufunguka ulipoingia, nalo litaomba nenosiri. Linaloombwa ni la zamani, si jipya, kwa sababu hazina hiyo, inayotunza manenosiri ya Wi-Fi na ya programu, ilisimbwa kwa nenosiri lile na haikujua kwamba umelibadilisha. Ukilikumbuka, fungua programu ya «Passwords and Keys», bofya kwa kitufe cha kulia kwenye hazina ya «Login», na uibadilishie nenosiri lifanane na la sasa. Usipolikumbuka, ifute hazina hiyo humo humo, utoke, kisha uingie tena. Mfumo utatengeneza nyingine mpya, nawe utaandika nenosiri la Wi-Fi mara moja zaidi.